Soya, simbilisi wetu wa Majengo

Soya alikuwa simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa ambaye Kiingereza wanamwita guinea pig. Nasema mapema kabisa maana tangu tumpoteze nimeshaulizwa na watu wazima, watu ninaowaheshimu, eti kweli nalia kwa ajili ya kale kapanya, na mi mbele ya watu huwa sina maneno, naitikia tu na kunyamaza, ila usiku nikikaa peke yangu majibu yote yanakuja. Basi haya ndo majibu. Nalia, ndiyo. Na nitaeleza kwa urefu, maana najua kuna wengine wamepoteza paka, mbwa, hata jogoo aliyekuwa akimsindikiza mtoto mpaka getini, na wamekaa kimya kwa kuogopa kuchekwa.

Tulimchukua kwa kijana mmoja wa Kiborloni, hapa hapa Moshi, anayefuga sungura na simbilisi nyuma ya nyumba yao, yeye na dada yake Njugu, wote majike, bado wadogo wa kuenea kiganjani. Binti yangu alikuwa anaomba mbwa tangu ajue kuongea, lakini sisi ni wapangaji hapa Majengo, geti moja familia nne, mbwa utamfuga wapi? Soya rangi yake ilikuwa ile ile ya maharage ya soya ya njano tunayonunua sokoni Mbuyuni, kwa hiyo jina wala halikutafutwa, mtoto alilitamka njiani kabla hatujafika nyumbani. Kisogoni manyoya yake yalizunguka yakasimama, ukiyalaza yanainuka tena, na sikio la kushoto lilikuwa limekunjika kidogo kwenye ncha.

Mi ni fundi cherehani, nafanyia kazi chumbani, na banda lao lilikuwa pale pale pembeni ya mashine. Siku za mwanzo nikikanyaga pedeli wanakimbilia ndani ya kiboksi chao, baadaye wakazoea mpaka ikawa nisiposhona ndo wanatoka kuangalia kuna nini. Simbilisi wana maneno yao. Kuna ule mluzi wa kuomba chakula, wiiik wiiik, unasikika mpaka kwa jirani, huo Soya aliutoa akisikia tu kisu kinakata hoho. Kuna kunguruma kwa chini chini akikunwa nyuma ya sikio. Na kuna siku furaha inamzidi anaruka hewani na kujipinda, anatua, anaruka tena, bila sababu yoyote unayoiona wewe. Halafu alijua hatua za binti yangu. Watoto wa humu getini wako wengi na wote wanarudi shule saa zile zile, ila yeye alinyamaza wakipita wengine, akaanza mluzi mtoto wetu alipofika kwenye ngazi. Nimeliona hilo mara nyingi mno kusema ni bahati.

Asili ya hawa wanyama ni milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, watu wa kule waliwafuga maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika, na mpaka leo ni kitoweo chao. Hapa kwetu pia ukienda mkoa wa Iringa utakuta kaya zinawafuga kwa nyama. Sina ugomvi na anayewala, mi mwenyewe nakula nyama ya mbuzi. Ila nikiambiwa ni panya tu, hapana. Mtoto wa simbilisi anakaa tumboni kama miezi miwili, anazaliwa ana manyoya, macho yako wazi, siku hiyo hiyo anatembea na kuanza kutafuna majani. Miguu ya mbele ina vidole vinne, ya nyuma vitatu. Na mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawasawa na mwili wangu na wako, akikosa anapata kiseyeye, viungo vinavimba, fizi zinatoa damu, anashindwa hata kutembea. Ndo maana humu ndani hoho haikukosekana hata wiki ambayo nyama ilikosekana, na mapera yakiiva kwa jirani binti yangu anaomba ya Soya na Njugu kabla ya lake.

Kiangazi cha Moshi nacho ni kazi. Januari na Februari joto linapanda na simbilisi halimudu, akizidiwa anaweza kufa mchana mmoja, kwa hiyo tulikuwa tunagandisha chupa ya maji kwenye friji, tunaifunga taulo tunaiweka bandani, na Soya analala ameegemea. Njugu hakuitaka chupa. Yeye alimwegemea Soya.

Masika ya mwaka huu ndo mambo yalianza. Soya alikuwa ameingia mwaka wa sita, na simbilisi kwa kawaida ni miaka minne mpaka minane hivi, kwa hiyo alikuwa mzee, lakini mzee mwenye nguvu. Binti yangu ndo aliona kwanza. Alimpa bua la sukuma wiki, kitu ambacho Soya huwa anakivuta kwa nguvu mpaka unakiachia, akalipokea, akatafuna kidogo, likaanguka. Akaliokota. Likaanguka. Akaliangalia, yaani akaliangalia lile bua pale chini kwa muda, halafu akaenda kukaa pembeni. Mtu mwingine angesema ameshiba.

Ila mnyama anayewindwa anaficha ugonjwa, ndo kinga yake porini, akionekana dhaifu ndo anakamatwa yeye, kwa hiyo ukiona dalili kwa simbilisi ujue ndani tatizo ni la siku nyingi. Sisi tulikuwa na utaratibu wa kuwapima kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili tukitoka kanisani, na Soya miaka yote alikuwa anachezea gramu 950. Jumapili hiyo alikuwa 880. Chini ya kidevu manyoya yalikuwa yamelowa udenda. Hapo nikajua ni mdomo.

Nilianzia duka moja la dawa za mifugo, silitaji. Nikaeleza, kijana wa pale hata hakumwangalia vizuri ndani ya kikapu, akatoa chupa ya penisilini akataka kumchoma. Nikamwambia hapana kaka, hii inamuua. Akasema mama, dawa ni dawa. Naomba hapa msome taratibu, kama unafuga simbilisi au una ndugu anayefuga: penisilini na amoksilini na ndugu zake wote si dawa ya simbilisi. Tumboni mwake kuna bakteria wazuri wanaomsaidia kusaga majani, hizo dawa zinawafagia, wanabaki wabaya, wanazaliana na kutoa sumu, na ndani ya siku chache mnyama anakuharia na kufa, na wewe unabaki unafikiri ni ule ugonjwa wa kwanza. Sijui ni simbilisi wangapi wa watoto wamekwenda hivo hapa mjini na mwenye nyumba akalaumu hali ya hewa.

Dokta wa mifugo nilimpata kwa kuelekezwa na mama anayetuletea maziwa. Kazi zake nyingi ni ng'ombe wa huko mlimani, na mbwa. Alichoniambia kwanza ni kwamba simbilisi amewasoma zaidi ya alivyowatibu, akaniomba usiku mmoja aongee na mwenzake aliyesoma naye. Jamani, kwangu hilo lilikuwa tosha kumwamini. Kesho yake alikuja na kile kidude cha taa cha kuangalizia masikio, maana mdomo wa simbilisi unafunguka kidogo sana, meno ya mbele unayaona lakini magego yako mbali huko ndani, huwezi kuyaona kwa kufunua midomo tu. Ana meno ishirini na yote yanaota maisha yake yote, hayaachi, yanayoyapunguza ni kule kusaga nyasi kutwa nzima. Ya Soya ya chini yalikuwa yameinamia ndani kutoka pande zote mbili yakakutana juu ya ulimi. Ulimi umefungiwa chini. Njaa anayo, chakula anakiona, anakitaka, anakichukua, hawezi kukisukuma nyuma. Nikakumbuka lile bua la sukuma na vile alivyoliangalia.

Wakampa dawa ya usingizi wakayapunguza. Nilikaa nje kwenye benchi na kikapu kitupu na kwa kweli nilisali, sioni aibu, Mungu aliyeumba simbilisi anamjua. Akaamka. Siku ya tatu akala ukoka mwenyewe, jani moja refu, linaingia mdomoni taratibu mpaka likaisha, na binti yangu amekaa chini anamwangalia bila kupumua. Wiki iliyofuata akaruka. Si sana, mruko mmoja, lakini wote wawili tuliuona.

Meno yakarudi. Dokta alikuwa ametuambia yatarudi, kwa sababu yakishapoteza mpangilio hayasagiki tena yenyewe, kwa hiyo tukarudia, na kati ya mara moja na nyingine tukawa tunamlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ukoka tunaukausha juani, tunausaga kwenye blenda mpaka unga, tunachanganya na boga lililopondwa na maji kidogo, na pera. Kila baada ya saa chache, usiku pia, maana tumbo la simbilisi halitakiwi kusimama, likikaa tupu gesi inajaa na hiyo peke yake inaua. Unamfunga kwenye khanga kichwa kimebaki nje, unaingiza ncha ya bomba pembeni nyuma ya meno ya mbele, unasukuma kidogo, unasubiri ameze. Ukiharakisha kinaingia njia ya hewa. Haiharakishwi hiyo kazi. Mi na binti yangu tulipeana zamu, na kuna usiku nimeamka nimekuta ameshaamka yeye, amekaa na taa ya simu, anamwimbia pambio za Sunday school kwa sauti ya chini, Soya anameza, Njugu yuko kwenye wavu anasubiri mwenzie arudishwe.

Watu walisema. Hela ya dokta si ungenunua simbilisi kumi? Ungenunua, ndiyo. Lakini hao kumi hakuna hata mmoja anayejua hatua za mwanangu kwenye ngazi. Tena walionisema hivo wengine ni watu ninaowajua wametumia hela nyingi kuliko zangu kwenye mambo ambayo sikuwauliza. Mi nafikiri tunapimia huruma ukubwa wa mnyama, ng'ombe akiugua mtaa mzima unakuja kusema pole, na sawa, ng'ombe ni ada ya shule, ni maziwa, naelewa. Ila maumivu hayaangalii kilo. Gego likimchoma ulimi mnyama wa gramu mia nane linamchoma kama linavyonichoma mimi.

Mwezi wa saba, baridi imekolea, mlima umejifungia mawinguni wiki nzima, nikashika taya lake la chini nikakuta uvimbe. Jipu, limetokea kwenye mizizi ya meno likaingia kwenye mfupa. Usaha wa simbilisi ni mzito, haukamuliki ukaisha, inabidi kukata na kutoa lote na pengine na jino lenyewe, na Soya sasa alikuwa gramu 610. Dokta alimwanzishia enrofloksasini, antibiotiki ambayo simbilisi wanaistahimili, na dawa ya maumivu, akaniambia ukweli, kwamba akimlaza tena kwa uzito huu anaweza asiamke, na akiamka jipu lina tabia ya kurudi.

Nilimpigia mama yangu. Mama anakaa Uru, huko mlimani, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, amefuga ng'ombe wa ndani maisha yake yote, kukata majani na kubeba kichwani. Alikuja siku ya soko na mkungu wake wa ndizi wa kuuza, na chini ya mkungu alikuwa amefunga mabingobingo machanga ya Njugu. Nikamwamkia, akaitikia, hakukaa, alimwendea Soya moja kwa moja. Akamchukua akamweka kwenye mapaja, akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo, taratibu, mfupa kwa mfupa, vile anavyofanya kwa ndama. Soya hakunguruma wala hakuhangaika. Mama akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Huyu amechoka, mwanangu. Wewe ndo hujachoka."

Nikamwambia mama nawezaje kumwita dokta aje kumuua. Akasema yeye amewahi kumkalia ng'ombe wake siku nne akisubiri afe mwenyewe kwa sababu hakutaka kuwa yeye aliyesema basi, na zile siku nne hakuna aliyefaidika, si ng'ombe wala yeye. Mi nilikuwa mdogo, ng'ombe huyo namkumbuka, ila hiyo habari nilikuwa sijawahi kuisikia. Alitoka kwenda sokoni, hakurudia tena kuniambia.

Binti yangu nilimwambia kila kitu. Kuna walionishauri nimwambie Soya amesafiri, amerudi Kiborloni kwa mama yake. Sikukubali. Mtoto aliyeamka saa tisa usiku kumlisha mgonjwa ana haki ya kujua mgonjwa wake anakwenda wapi. Alilia, akauliza kama itauma, na swali hilo nikamwachia dokta alijibu mwenyewe. Dokta akachuchumaa akamwambia sindano ya kwanza ataisikia kidogo, itamlaza usingizi mzito, ya pili hataisikia kabisa. Akamuuliza na yeye, unataka kuwepo? Akasema ndiyo.

Ilikuwa asubuhi. Tulimpa pera, lile la ndani laini, hakuweza kutafuna lakini aliramba mpaka kidevu kikawa cha waridi. Tukamfunga khanga ile ile ya kulishia, nikamshika mimi, mtoto akaweka mkono kichwani pale manyoya yanaposimama. Moyo wa simbilisi unapiga zaidi ya mara mia mbili kwa dakika, huwezi kuhesabu, chini ya kidole unasikia mtetemo tu. Baada ya sindano ya kwanza ule mtetemo ulipungua mpaka nikaanza kusikia pigo moja moja. Sikuwahi kuusikia moyo wake hivo miaka yote. Ya pili, na mapigo yakaachana, yakaachana, nikawa nasubiri linalofuata. Dokta akasikiliza, akasema tayari. Akatupa pole, kwa heshima yote anayompa mfiwa, na sitaisahau hiyo pole.

Tulimrudisha kwa Njugu kabla ya kumzika, amelala juu ya khanga bandani, kwa sababu wanaowafahamu hawa wanyama wanasema anayebaki asipouona mwili atamtafuta. Njugu alikuja akamnusa puani, akanusa lile sikio lililokunjika, akamlamba jicho. Akakaa naye. Baadaye kidogo akaondoka mwenyewe akaenda kwenye majani.

Tukapanda Hiace ya Uru, boksi la viatu liko mapajani kwa mtoto, na konda hakuuliza kitu. Mama alikuwa ameshachimba. Binti yangu alitaka tupande sale, ule mmea wetu Wachaga wa majani marefu, juu ya kaburi, ameona makaburi ya babu zake yana masale, na mama akakataa, akamweleza kwa upole kabisa kwamba sale ni la watu na la mipaka na la kuombea msamaha, halichezewi. Mtoto akaanza kununa. Mama akamshika mkono akamwonyesha kwa nini amechagua pale: ni pembeni ya zizi, kwenye kingo unapoota ukoka, majani anayokata kila siku, na akasema Soya atalala kwenye chakula chake. Tukampanga mawe juu ili mbwa wasifukue. Halafu tukaingia ndani tukanywa mtori, watu watatu tumechoka, mama akawa anamuuliza mjukuu wake Soya alikuwa anapenda nini, na mtoto akaongea mpaka giza likaingia.

Njugu alipiga mluzi siku za kwanza, ule wa kuita, saa za ajabu ajabu, anasimama mlangoni mwa kiboksi anaita. Kula anakula lakini hajichangamshi. Simbilisi ni mnyama wa kundi, huko Uswisi tangu mwaka 2008 sheria inakataza kabisa kumfuga mmoja peke yake, na nikimwangalia Njugu sioni kama wamezidisha. Nimemsogeza karibu zaidi na cherehani, naongea naye nikiwa nashona, ila mi si simbilisi. Kwa hiyo tumeongea, mi na binti yangu, yeye mwanzoni hakutaka kusikia, akasema ni kumsahau Soya. Juzi amekuja mwenyewe akasema Njugu anahitaji mtu wa kulalia. Kuna mama mmoja wa Pasua ana jike dogo, jeusi lote, ameshatuwekea. Jumamosi tunamfuata. Atakaa kwanza chumba cha pili wiki mbili tatu tumwangalie kama hana mafua wala chawa, halafu ndo tutamkutanisha na Njugu, sakafuni, mahali ambapo si pa mmoja wao, na rundo kubwa la majani katikati.